Kusi ikivuma Bagamoyo, kamera uielekeze wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Dunda, Bagamoyo, nimezaliwa hapa hapa. Kila Jumamosi napiga picha ufukweni, karibu na soko la samaki, huu mwaka wa pili. Shida zangu ni mbili. Ya kwanza, picha zangu zinafanana mpaka najua itakavyotoka kabla sijabonyeza. Ya pili, tangu kusi, ule upepo wa kusini, ianze nashindwa kabisa: nikiweka tripodi picha zinatoka na ukungu, mchanga umeingia hadi kwenye pete ya lenzi, na anga linatoka jeupe tupu. Nisubiri upepo utulie, au ninunue ile tripodi nzito ya laki tatu niliyoiona Dar es Salaam? Nina kamera ndogo yenye lenzi ya 18-55, na simu.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usisubiri. Hii Julai ukingoja kusi itulie utakaa ndani miezi, na ufukwe utakaourudia utakuwa ule ule uliokwisha kukuchosha. Tripodi nayo iache dukani kwanza, tutaifikia.

Unasema una shida mbili. Mimi naona zimezaliwa tumbo moja. Kwa mwaka na zaidi umekuwa ukipiga vitu vilivyosimama: jengo la Forodha, mashua, minazi, mstari wa maji. Umevizoea kama mtu anavyozoea sura ya nduguye hadi asijue kovu liko shavu gani. Sasa kusi imekuja, vyote vinatikisika, na wewe bado unataka vikae kama vilivyokaa siku shwari. Ukungu wa picha zako unaanzia hapo, kabla hata hujafungua miguu ya tripodi.

Mimi siku ya upepo nikifika ufukweni sitafuti kinachopepea. Kinachopepea kimejaa tele, kitajileta chenyewe. Natafuta kwanza kilichotulia: kamba ya nanga iliyokaza, mashua iliyokaa juu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa, ukuta wa Forodha uliosimama pale tangu 1895, fundi aliyechutama anakalafati ubavu wa mashua. Nikishakipata, naipanga picha nzima kukizunguka, halafu nangoja upepo uje upite juu yake. Ukigandisha kila kitu, picha itakuwa kama ya Jumamosi yoyote. Ukiacha kila kitu kitikisike, mtazamaji atadhani mkono wako ndio uliotetemeka. Jicho linahitaji kitu kimoja cha kushika ili lielewe kuwa vingine vinakwenda.

Jambo hili ni la zamani kama kamera yenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, aliweka mtambo wake dirishani mjini Paris akapiga barabara ya Boulevard du Temple. Mtambo ulihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, hivyo watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita wote waliyeyuka, barabara ikaonekana kama mji uliohamwa. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama anapigwa viatu rangi. Jina lake halijulikani mpaka leo. Alitulia tu.

Nikupe mfano wa kwenu. Mwaka jana, mwezi kama huu, nilikaa karibu saa nzima kando ya mama anayekaanga samaki. Nilimwomba: “Mama, naomba nikae hapa nipige picha.” Akanijibu bila kuinua uso: “Piga, ila usinizibie wateja.” Alikuwa amesimamisha kipande cha bati upande upepo unakotoka, kimeegemezwa kwa mawe mawili, na moto ulikuwa ukilala na kuamka nyuma yake. Moshi haukupanda juu hata shibri moja. Ulitoka chini ya karai ukakimbia chini chini kuelekea majini. Ncha ya kanga yake ilikuwa haikai. Nilichogundua baada ya picha kumi hivi ni kwamba alikuwa akigeuza uso sekunde moja kabla ya kila dharuba. Mchanga ulianza kuchakarisha bati, yeye akasikia, akageuka. Nikaanza kusikiliza bati na mimi. Likichakarika, nabonyeza. Kifundo cha mkono wake kilichoshika ukingo wa karai kwa kitambaa hakikusogea kabisa, kwa sababu mafuta ya moto hayana mchezo. Nilipiga kwa 1/15 ya sekunde, jua limekwisha kujificha nyuma ya mji. Kati ya picha arobaini na kitu, moja ndiyo iliyotoka: mkono, bangili na ukingo wa karai vimekaa kama vimechongwa, kanga na moshi vimekuwa mistari. Ukiitazama unataka kufumba macho mchanga usiingie.

Arobaini kwa moja si hasara. Siku ya upepo hesabu ndiyo hiyo, kwa hiyo nenda na kadi yenye nafasi.

Sasa tukae sawa na dira, maana hapa ndipo watu wa Bagamoyo wenyewe hukosea. Wengi husema ufukwe wetu unatazama mashariki. Unatazama kaskazini mashariki. Ukisimama soko la samaki uso baharini, kushoto kwako ni upande wa Misheni ya Kikatoliki, kulia ni upande wa magofu ya Kaole, na kusi inakupiga bega la kulia kwa nyuma kidogo. Jua la Julai linachomoza mbele yako, kulia kidogo, saa kumi na mbili na nusu na ushei. Jioni linatua nyuma ya mji, upande wa bega la kushoto. Chukua kijiti ukachore mchangani uone.

Ukichora utaona tatizo. Asubuhi ukielekeza kamera Misheni, upepo uko mgongoni, lenzi haipati chumvi, na mwanga unaingia kwa ubavu kutoka baharini na kuchonga kila unyayo mchangani. Hapo mambo ni matamu. Jioni ukielekeza Misheni vile vile, upepo bado uko mgongoni lakini jua linakuchungulia ndani ya lenzi. Ukigeukia Kaole mwanga unakuwa mzuri, uko nyuma yako, ila kusi nayo inakupiga usoni pamoja na mchanga na marasharasha. Huwezi kupata vyote. Mimi jioni hutazama bahari moja kwa moja, jua likiwa nyuma na upepo ubavuni. Nikitaka Kaole, naenda nikijua nitafuta lenzi kila baada ya dakika chache. Na wakati mwingine naacha jua liingie, nipate tanga likiwaka kwa ndani kama taa ya karabai, na watu wawe vivuli vyeusi. Ila hiyo ukiizoea sana nayo inachosha.

Zitazame pia omo za vyombo, yaani pua zake za mbele. Chombo kilichotia nanga kwenye upepo mkali hugeuza omo kuuelekea. Kwa hiyo siku za kusi mashua zote pale mbele zimegeukia kulia, zimekaa sambamba na ufukwe, unaziona kwa ubavu tangu omo hadi tezi, yaani nyuma, mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, vyote wazi. Ikija kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, Desemba hadi Februari, omo zinageukia baharini na wewe ufukweni unatazama tezi tupu. Nina hakika ukizifungua picha zako za miezi ile na za sasa utaiona tofauti hiyo, umekuwa nayo kwenye kompyuta yako bila kuiona. Mgeni mwenye kamera ya milioni nne hawezi kujua hili kwa siku mbili za matembezi. Wewe ukiamka tu, ukitazama omo, unajua leo usimame wapi.

Kuhusu kufanana kwa picha, kuna jambo jingine ambalo ni hesabu tu. Kujaa kwa maji kunachelewa takriban dakika hamsini kila siku. Zidisha mara saba, unapata karibu saa sita. Maana yake Jumamosi hii saa nne maji yakiwa yamejaa, Jumamosi ijayo saa nne yatakuwa yamekupwa, na ya tatu yamejaa tena. Mtu anayekwenda kila Jumamosi saa ile ile anapata fukwe mbili tu, zinapokezana. Badilisha saa. Tazama mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3, na maji hukupwa asubuhi mnamo saa nne au tano, kisha hujaa jioni mnamo saa kumi au kumi na moja. Bamvua ikikutana na kusi jioni, mwanga nyuma yako, maji yamepanda juu, mawimbi yanavunjika karibu, hiyo ni siku ya kuomba ruhusa kazini. Maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa hakutofautiani sana, yana uzuri wake, lakini siku ya upepo mimi sihangaiki nayo.

Siku hiyo hiyo ya bamvua, asubuhi maji yakiwa mbali, shuka kwenye mchanga mbichi. Mchanga mbichi haupeperuki. Kinachokuumiza wewe ni ule mkavu wa juu, na wingi wake unasafiri chini ya magoti. Ndiyo maana ushauri wa vitabuni, kwamba siku ya upepo ushushe tripodi chini kabisa, unakuwa na kasoro ufukweni: umeipa kamera uthabiti, umeipeleka kwenye njia ya mchanga. Shusha tripodi kwenye mchanga mbichi tu. Juu kwenye mchanga mkavu, jibanze demanini mwa mashua iliyopandishwa, upande upepo usikopiga, au nyuma ya ukuta. Kwenye ukuta usisimame pembeni kabisa, pale kwenye kona upepo huongezeka kasi na huzunguka. Ingia ndani hatua tatu nne.

Tuje kwenye kasi za shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga, nikutajie ninazotumia mwenyewe. Ngalawa inayopita mbele yako imejaa upepo, baharia mmoja amekaa nje juu ya mrengu, lile gogo la ubavuni, upande wa joshi, upepo unakotoka, kuipa uzito: 1/1000 ukitaka kila tone la maji lisimame hewani. Ukitaka uone mwendo wake, shusha hadi 1/30, ifuate kwa kamera ikitoka kulia kwenda kushoto, zungusha kiuno badala ya mikono, bonyeza huku unaendelea kuzunguka. Bahari ya nyuma itakuwa mistari, uso wa baharia utakaa. Hapo kilichotulia ni yeye, kwa sababu wewe ulikwenda naye. Makuti ya minazi yanapendeza kati ya 1/8 na 1/4, shina likiwa limekaa. Kanga ni 1/30 au 1/15. Juu ya hapo inakuwa kama imepigwa wanga.

Utaniuliza mchana wa jua kali utaipataje 1/15. Hutaipata. Jua likiwa wazi, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) ikiwa 100 na tundu la lenzi likiwa dogo, f/16, kamera itakutaka kiasi cha 1/100, na ukilazimisha picha itaungua. Kuna vioo vyeusi vya kufunga mbele ya lenzi. Kile kinachoitwa ND8 kinapunguza mwanga hadi sehemu moja ya nane, hapo unafika 1/12. Kama huna, panga kazi za shata ya polepole ziwe jioni. Ufukwe wa Bagamoyo una bahati hii: jua linatua nyuma ya mji, kivuli kinaufikia mchanga mapema, na bado anga la baharini lina mwanga. Kati ya saa kumi na moja na nusu na magharibi kuna muda wa kutosha.

Na ukungu wa tripodi. Hili niliteseka nalo karibu mwaka mzima, na aibu yake ninayo mpaka leo. Picha zangu za nusu sekunde zilikuwa zikitoka na ukungu mwembamba, kama kitu kimoja kimechorwa mara mbili. Nikalaumu lenzi. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akaifunga, akachukua pesa yake, ukungu ukabaki. Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera nikiisubiri mashua, nikasikia tap-tap-tap. Ulikuwa mkanda wa kamera, ule wa kuning'iniza shingoni. Unapepea kama bendera na kila ukipepea unaigonga kamera. Niliufunga kwa mpira wa manati siku ile ile, ukungu ukaisha. Kwa hiyo kabla ya laki tatu, vua mkanda au uufunge. Usivute ile nguzo ya katikati ya tripodi kwenda juu. Mguu mmoja uelekeze demanini, ule upande upepo unakokwenda, uwe kama mwega. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisihusike. Na jikinge wewe mwenyewe: simama joshini, mwili wako uwe ndio ukuta.

Anga jeupe sasa. Miezi ya kusi hewa ya pwani imejaa chumvi laini, na kadiri unavyovuta lenzi kuelekea mbali ndivyo unavyopiga picha ya hiyo chumvi. Lenzi yako ya 18-55 isikutie unyonge kwa kutovuta mbali. Inakulazimisha usogee, na kusogea ndiko dawa. Pima mwanga kwa anga, uache ardhi iwe nyeusi kidogo, utaipandisha baadaye nyumbani. Au liache anga nje ya picha kabisa, hakuna sheria inayolidai. Ninachokipenda zaidi ni mawingu ya kusi yale madogo madogo yanayokimbia. Yanapita na vivuli vyao juu ya maji, na kwa sekunde chache jua linapiga tanga moja tu huku vyombo vingine vyote viko gizani. Chagua chombo, shika fremu, ngoja. Inaweza kuchukua nusu saa. Wavuvi watakucheka kidogo, kisha watakuzoea.

Simu usiidharau. Kwa picha za haraka kwenye msukosuko wa soko mimi huitoa simu kuliko kamera, kwa sababu haina pete ya kuingiza mchanga na watu hawaiogopi. Shikilia kitufe ipige mfululizo, chagua baadaye. Ila kioo chake kidogo kikipata tone moja la maji ya chumvi picha nzima inakuwa na ukungu wa maziwa, na hutaona hadi ufike nyumbani. Kifute kila mara. Na kuomba ruhusa ni pale pale, kamera ama simu. Mnada ukiwa moto ngoja uishe, mtu anayehesabu pesa yake hapendi lenzi.

Kubadilisha lenzi ufukweni sitaki kusikia. Una moja, vizuri. Pete iliyoingia mchanga usiizungushe kwa nguvu. Igeuze kamera lenzi itazame chini, pulizia kwa kile kipira cha mkono, si kwa mdomo, mdomo una mate. Ikiendelea kukwaruza, mpelekee fundi kabla punje hazijala plastiki. Chumvi kwenye kioo usiifute ikiwa kavu, ni sawa na kupiga msasa. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Miguu ya tripodi ioshe kwa maji ya bomba ukifika tu, kabla hata ya chai.

Haya, ile ya laki tatu. Usiinunue. Tafuta kiroba, kijaze mchanga kilo tano hivi ukishafika, kifunge kwenye ndoano ya katikati ya hiyo tripodi uliyonayo. Hakikisha kimegusa ardhi. Kikining'inia kitabembea na kukurudisha kule kule kwa mkanda wangu. Ukimaliza ukimwage pale pale, maana bodaboda wa Dunda hawatakuelewa ukiwaambia mzigo wako ni mchanga wa pwani.